Shubiri Iliyoshiba

Wiki jana pale stendi ya Kawangware 56 nilimwona kijana akiuza shubiri, ndugu yangu, nikashindwa kupita. Majani yalikuwa manene, mabichi, yanang'aa. "Sister, hizi ni fresh," akaniambia. "Tunazimwagilia asubuhi na jioni, na mbolea iko." Aliyasema hayo kwa kujisifu. Mama mmoja akachukua majani matatu bila hata kuonja. Niliwadharau wote wawili, muuzaji na mnunuzi, na sioni haya kulisema. Nyanya yangu asingempa hata mbuzi majani yale.

Nyanya ndiye aliyenilea, Lindi, huko Kibera, katika chumba cha mabati kilichonukia majani yaliyoanikwa. Alikuja kutoka upande wa ziwa na miche ya shubiri ndani ya gunia, akaipanda kwenye tuta la reli, katikati ya kokoto, mahali ambapo hata magugu yalikata tamaa. Hakuimwagilia hata tone. Jua la Januari lilipoyafanya majani kuwa membamba na mekundu, ndipo aliposema sasa ni dawa. Mvua za Aprili zikija alifunga kazi, na mgonjwa akibisha aliambiwa aende kliniki. "Mti ukishiba unalala," alikuwa akisema. "Uchungu ni wa mwenye shida." Majirani walisema ana maringo. Alikuwa nayo kweli, na yalimfaa.

Kazi yangu ilikuwa kupanda tuta kuchuma. Niliichukia. Kokoto zilinichoma nyayo, na wasichana wenzangu walikuwa chini wakiruka kamba. Basi nikajiona mjanja. Niling'oa machipukizi mawili, nikayapanda nyuma ya bafu la ploti, pale yalipopita maji ya kuoga na ya vyombo. Yakanenepa upesi, nami nikawa nazicheka zile shubiri za relini kwa kukonda. Mtoto mjinga huuvaa ujinga wake kama nguo ya Krismasi.

Kisha kuku wa jirani wakaanza kuhara. Jirani huyu alikuwa mjane aliyesomesha watoto kwa mayai, na kwetu kuku akiumwa hukatiwa shubiri ndani ya maji ya kunywa. Nyanya akanituma relini. Mimi nikaenda nyuma ya bafu. Nikakatakata majani mwenyewe, nikayapeleka, na kuku wakayanywa maji yale kwa hamu. Hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili, kwa sababu maji ya shubiri ya Nyanya kuku waliyanywa tu kiu ilipowashinda. Kufikia Jumapili banda lilikuwa limebaki na jogoo mmoja.

Nyanya alichovya kidole kwenye chombo cha kuku, akalamba, akanitazama. Hakunipiga. Alikwenda nyuma ya bafu, akarudi na jani langu, akaliweka kando ya jani la relini. "Onja," akasema. Langu lilikuwa na ladha ya tango. La pili lilinikaza ulimi hadi machozi yakanitoka. "Umepea kuku za watu maji," alisema, basi. Kisha akaenda kwa jirani kuomba msamaha. Hakunitaja. Alisema dawa yake imeshindwa, na yule mjane hakubisha tena mlangoni petu.

Tangu siku hiyo Nyanya hakunituma tena. Magoti yake yalikuwa mabovu, lakini alipanda lile tuta mwenyewe, mkono kiunoni, nami nikimtazama kutoka chini. Tulimzika kwao, upande wa ziwa. Siku hizi watu wa ukoo hunipigia simu kuulizia dawa zake, wakidhani nilirithi. Nina hiyo moja tu, ya shubiri. Zile nyingine alizichuma mwezi gani, udongo gani, upande upi wa mteremko, sijui. Wao hudhani alikuwa na siri. Hakuwa na siri yoyote, angemfundisha yeyote aliyekuwa tayari kuchomwa nyayo. Aliniona simfai, na alikuwa sahihi.