Msafiri Alilala Nyumba ya Nani?

Wiki iliyopita, niliporudi Mambrui na shahada yangu isiyo na kazi, mjane wa mwalimu aliyetufundisha Kurani alinipa kile kitabu cha Kiarabu cha marehemu. "Si wewe uliyesomea Kiarabu? Chukua, mwanangu, kwangu kitaliwa na mchwa." Nimekisoma mara tatu. Ni upuuzi, rafiki yangu. Upuuzi uliojalidiwa vizuri.

Zamani tulikiogopa kwa heshima. Baada ya alasiri wanawake walikaa barazani kusuka ukili wa mikeka, na mwalimu, kutoka ndani ya mlango, akawafasiria safari ya Mwarabu mmoja aliyekwenda Ulaya. Wazungu, aliandika msafiri, hawatumii maji chooni. Hulala na mbwa. Mama zao wakizeeka huwatupa. Wanawake walicheka mpaka ukili ukawaponyoka, nami nilicheka kuwashinda.

Nyanya yangu hakucheka. Yeye alifua nguo za bibi kizee wa Kitaliano kule Malindi. Siku moja akainua kichwa.

"Maalim, huyo bwana alilala nyumba ya nani huko?"

"Yule ni msomi, mama."

"Nauliza alilala kwa nani. Mimi mashuka yao nayajua."

Jirani akadakia: "Na mbwa wao je? Basi mikono yako hiyo ioshwe mara saba, shoga, na moja kwa udongo, kama chombo alichoramba mbwa!"

Baraza zima likaangua kicheko.

Jioni ile nyanya alinimegea mkate wa mofa, wa moto, unanukia moshi, akauchovya kwenye mchuzi wa papa. Nikafunga mdomo. Nikamwambia mikono yake ina najisi. Hakunipiga. Alikwenda kunawa, akarudi, akaninyooshea tonge lile lile. Nikageuza uso. Tangu hapo alinipakulia kwa kijiko, mpaka alipofariki.

Jibu la swali lake nimelitafuta ukurasa kwa ukurasa. Msafiri alikaa hotelini, wiki mbili tu. Wale mbwa aliwaona kupitia dirisha. Habari za mama waliotupwa alipewa na mpagazi wa mizigo. Hakuingia nyumba hata moja, na kwa hayo akaandika kitabu kizima, nasi tukakiamini.

Siku hizi baraza lile limejengewa duka, ukili hausukwi, na tanuri la mofa limebomoka. Kitabu ndicho kilichobaki kizima. Namdharau sana mwandishi wake, halafu dharau inanirudia mwenyewe. Yeye angalau hakulala kwa watu aliowatukana. Mimi nililala kitanda kimoja na nyanya.