Ustadhi wa Kwenye Simu

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu alipojiunga na kundi la WhatsApp la kujifunza tajwidi, kanuni za kuisoma Kurani. Mimi ndiye niliyemruhusu. Madrasa yetu hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, ina mwalimu mmoja na watoto wengi, na huyu binti yangu Mungu amemjalia sauti. Akisoma Kurani, hata wateja wanaokuja kushonewa nguo kwangu hunyamaza. Likizo, akirudi kutoka shuleni Kasese, nilimwachia simu yangu.

Alasiri moja nikiwa kwenye cherehani yangu sokoni, alikuja akasimama kando yangu, ameikumbatia simu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama, kwanza usikasirike."

Akanipa simu. Mtu mmoja wa kundi lile, aliyejiita ustadhi, alikuwa anamwandikia pembeni, nje ya kundi. Mwanzoni alimsifu jinsi anavyotamka herufi. Kisha akamwambia masomo yao yawe siri, kwa sababu wazazi wengine hawaelewi. Asubuhi ile alikuwa ameomba picha yake bila hijabu, "ili nikufahamu kama mdogo wangu."

Hasira zilinipanda. Nilitaka kumpigia mtu yule nimtukane. Lakini binti yangu alikuwa ananitazama usoni, anasubiri nitasema nini.

"Ulimtumia?"

"Hapana."

"Umefanya vizuri kuja kwangu. Na hata kama ungekuwa umemtumia, ungefanya vizuri kuja."

Hapo ndipo alipolia.

Jirani yangu sokoni, mama Mkatoliki kutoka Butembo, Kongo, anayeuza vitenge, alisikia kilio akaja. Nilipomweleza alitikisa kichwa.

"Wako iko na akili, mama. Wa kwangu na yeye aliandikiwaka na mutu wa kwa simu, alinifichaga mpaka ile mutu ikaanza kumutisha. Usifute kitu. Peleka yote kwa polisi."

Nikamsikiliza. Niliyahifadhi mazungumzo, ndipo nikaizuia namba. Ijumaa mume wangu alirudi kutoka Mweya, anakofanya kazi kwenye hifadhi ya wanyama, nikamwonyesha.

"Simu ifungiwe kabatini," alisema. "Mtoto wa Kiislamu anaitakia nini?"

"Tukimnyang'anya, tutakuwa tumemwadhibu kwa kusema kweli. Siku nyingine atanyamaza."

Alitia udhu, akaswali. Alipomaliza alimwita binti, akamkalisha karibu naye. "Mwalimu wa dini anayekuambia umfiche baba yako, huyo si mwalimu," alimwambia. "Wewe hujakosa kitu."

Tulikwenda polisi, kisha kwa imamu. Afande alichukua maelezo yetu na ile namba. Imamu alimpigia msimamizi wa kundi, kumbe hakuna aliyemjua mtu yule. Aliingia kwa kiungo cha kujiunga kilichosambazwa ovyo. Alitolewa siku hiyo hiyo. Nani hasa alikuwa, mpaka leo hatujaambiwa. Lakini imamu alipolitangaza jambo hilo msikitini, bila kututaja, habari zilifika mji jirani wa Kinyamaseke, na akina mama wa huko wakamwendea imamu, naye kwa ruhusa yangu akawaleta kwangu: mabinti zao nao walikuwa wameandikiwa vivyo hivyo.

Basi tukakutana msikitini baada ya Alasiri, wazazi pamoja na watoto. Nilisimama mbele yao, mimi fundi cherehani, nikaeleza yaliyotupata. Niliwaambia wajue kila kundi linaendeshwa na nani, wakatae masomo ya pembeni, na wawaulize watoto walichokiona kwenye simu kama wanavyowauliza wamekula nini.

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Si bora tuwanyime kabisa?"

"Watatumia za rafiki zao," nikamjibu, "na huko wewe hutakuwepo."

Halafu binti yangu, bila kuombwa, alisimama akawaonyesha wenzake jinsi ya kuizuia namba. 

Sasa anasoma na mwalimu wa kike wa Kasese, ambaye tulikwenda kwake tukamwona kwa macho kabla ya somo la kwanza. Likizoni wanasomea kwa simu ya video, mimi nikishona hapo hapo. Juzi ameniomba simu yake mwenyewe. Nimemwambia tutalizungumza baba yake akirudi. Hakununa. Anajua kwamba kwetu tukisema tutazungumza, tunazungumza.