Spiriti Mgongoni mwa Bartolomayo

Msalato nzima walimjua Bartolomayo kwa mambo mawili: zabibu zake zilikuwa tamu, na watengeneza mvinyo hakuwauzia hata kichala. Tangu aokoke ujanani hakuonja pombe; hata togwa ya harusini aliinusa kwanza ndipo anywe. Watu walimcheka, naye akacheka nao.

Kisha saratani ikamshika tumbo. Hapo, ndugu yangu, kicheko kilikwisha. Maumivu yalipenya hadi mgongoni, dawa zikashindwa, akawa halali ila ameketi, kajikunja juu ya mto.

Hospitalini mjini, Daktari Erica, kijana ambaye angeweza kuwa binti yake, alimwamkia shikamoo, akamweleza taratibu. Nyuma ya tumbo, jirani na mshipa mkubwa wa damu, pana fundo la mishipa ya fahamu. Ndilo linalopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Wangepitisha sindano ndefu mgongoni, wakiitazama njia yake kwenye skrini, waliue fundo hilo kwa spiriti. Ugonjwa usingeondoka, ila habari zake zisingefika.

"Spiriti ile ya kupaka?"

"Jamii yake, mzee. Ni pombe kali."

Bartolomayo akatikisa kichwa. Aliahidi mbele za Mungu, na hakutaka kuivunja ahadi ukingoni mwa kaburi. Aliyemjibu ni Loisi, mkewe, aliyekuwa akimkanda mabega.

"Baba Denis, uliahidi kutokunywa. Nani kakupa kikombe hapa? Au mgongo wako una mdomo?"

Muuguzi akageukia ukutani kucheka. Bartolomayo naye akataka kucheka, maumivu yakamkatiza. Akakubali, lakini waombe kwanza. Hata daktari akainamisha kichwa.

Walimlaza kifudifudi, wakaiganzisha ngozi. Akasikia kitu kikisukuma ndani, mbali, mahali asipojua kama anapo. Ukaja moto, akauma shuka. Kisha ukafifia, kama mtu anayekwenda zake huku anaongea, sauti ikipotelea mbele. Akangoja urudi. Haukurudi.

"Maumivu yamekwenda wapi?" akanong'ona.

"Yapo, mzee. Njia ndiyo imekatwa."

Alasiri alilala chali. Tumbo lilikuwa palepale chini ya kiganja, na uvimbe wake, limenyamaza. Akalipapasa polepole, kama anayemgusa fahali mkali aliyesinzia ghafla. Mungu kapitisha nyuzi ngapi ndani ya mtu, akawaza, na binti huyu akajua ule wa kukata! Loisi akamuuliza kama alete uji.

"Ngoja kwanza," akasema, machozi yakimtiririkia masikioni. "Niache nisikie hivi nisivyosikia."