Koti la Pamba na Baba Mkwe

Kabla sijapata pikipiki nilidhani naijua baridi. Sote kwetu Usukumani tulidhani tunaijua. Mwezi wa saba asubuhi mtu anajikunyata barazani, anakunywa uji, jua linatoka, mambo yamekwisha. Mpandishe mtu huyohuyo kwenye pikipiki alfajiri, ndipo atakapotambua kwamba ile aliyokuwa akiiita baridi ilikuwa inamsalimu tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa karani wa stoo katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Pikipiki niliachiwa na fundi mitambo aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Nilijiona bwana mkubwa mpaka kipupwe kilipoingia. Upepo ulipenya kwenye mikono ya shati ukatokea shingoni. Magoti yalikufa ganzi kwanza, halafu vidole, halafu masikio. Nikifika niendako sikuweza kushuka; nilikaa palepale juu mpaka atokee mtu wa kunibandua vidole kwenye usukani, kimoja kimoja.

Dereva wa lori la mgodi alinishauri nijaze magazeti kifuani. Yalisaidia kidogo, ila kila nilipoinama kumwamkia mtu nilitoa sauti kama ng'ombe anayetafuna mabua. Nikajaribu gunia nililolitoboa matundu matatu, la kichwa na ya mikono. Siku hiyo mlinzi wa lango hakunitambua. Alinitazama akasema mizigo inapita mlango wa nyuma.

Nilipopata likizo nikaenda nyumbani Shinyanga, kifua kikikorota.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unakohoa hivyo?"

"Ni pikipiki, mama."

"Kwani pikipiki nayo inaambukiza?"

Nilipomweleza habari za upepo, aliinuka palepale. Aliingia ndani akatoka na kikapu cha pamba fifi, ile chafu ambayo wanunuzi huikataa, akakaa siku mbili akiichambua mbegu kwa vidole. Kisha akanipeleka kwa fundi cherehani wa sokoni, akamsimamia kama askari. Fundi alishona kaki juu na kaki chini, katikati akashindilia pamba, akapiga mistari ya uzi ili isihame. Koti likafika magotini. Nilipolivaa, mikono yangu haikuweza kushuka. Ilibaki imetanuka pembeni kama ya mtu anayetaka kukumbatia mti. Jirani mmoja aliuliza godoro limetembeaje. Mama alinizunguka mara mbili, akaridhika.

Kwa kweli lilinifaa. Kifua kilipona, tumbo likapata amani. Kasoro ilikuwa mgongoni tu. Mistari ya uzi ilikatika kwa mtikisiko wa barabara, pamba ikahamahama, ikawa imelundikana hapa na kule kama vichuguu. Mgongo wangu haukupata kabisa joto la kuridhisha.

Mwaka uliofuata, wakati wa kipupwe tena, mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza. Baba yake alikuwa amehamia Nkome, kando ya ziwa, akilima na kuchuuza dagaa. Akatuma habari kwamba anataka kumwona mjukuu, lakini mguu unamsumbua na lori halina siku maalumu.

"Nenda kamlete na pikipiki," mke wangu akasema.

"Baba yako? Mgongoni kwangu?"

"Sasa utamweka wapi? Puani?"

Mtu wa kwetu ataelewa woga wangu. Baba mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Huli naye, humtanii, na kumgusa hovyo ni aibu. Tangu nioe, miaka miwili ile, maneno yetu yalikuwa ya salamu tu, tena kwa mbali, mimi nikitazama chini. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye kiko ambacho sikuwahi kukiona kimetoka mdomoni.

Nilikwenda Jumamosi mchana, nikalala kwao. Jumapili tukaamka alfajiri, maana mchanga wa kando ya ziwa hushikana kwa umande, na jua likipanda unakuwa kama unga na gurudumu linazama. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na dagaa walioanikwa walimeta kwa umande. Mzee alitokea amejifunga blanketi zito jekundu, kiko kimewashwa tayari.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Nikamate wapi?"

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Tukatazama pembeni wote wawili. Mwisho nikamwonyesha chuma cha keria, chini ya kiti atakachokalia. Akakikamata kwa nyuma kwa mikono yote miwili, akaketi wima, nafasi ya shubiri nzima kati yetu. Nikapiga kiki, tukaondoka.

Heshima ilidumu kama maili tatu. Baada ya hapo baridi ikaanza kazi yake. Nilimhisi mzee akisogea kidogo, halafu kidogo tena, mpaka akainamisha kichwa akajificha upepo nyuma ya koti langu la pamba, na kile kiko kimo mdomoni. Niliwaza kumwambia akizime. Lakini mkwe wa miaka miwili tu amwambie baba mkwe azime kiko? Nikaongeza mwendo.

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo raha ilipoanza. Mgongo wangu ukaanza kupata joto. Mwanzo lilikuwa joto dogo, la kiungwana, katikati ya mabega. Nikasema moyoni, pamba imerudi mahali pake. Nikambariki mama yangu. Nikambariki na fundi cherehani. Joto likashuka kiunoni, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimiliki pikipiki, nikaanza kuimba.

Mbele yetu, bondeni, wanawake walikuwa wakiteka maji kisimani. Walipotuona wakainuka, wakapiga kelele na kutupungia mikono. Nikafurahi mno. Nikawapungia.

"Watu wa huku wakarimu," nikasema kwa sauti.

"Sana," mzee akajibu nyuma yangu.

Mmoja wao akaacha mtungi akakimbia barabarani, anapiga makofi, anaonyesha mgongo wangu. Ndipo nikasikia neno "moto." Na papo hapo, kama aliyengoja atajwe, moto ukapenya kaki ya ndani ukanikuta mimi mwenyewe.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka pikipiki imelala upande mmoja, mzee amekaa majanini na kiko chake mdomoni, na mimi nagaagaa mavumbini, nikipigana na vifungo ambavyo mama alisisitiza vishonwe imara. Wanawake wakafika na mitungi. Wa kwanza alinimwagia kichwani, ambako hakukuwa na moto wowote. Wa pili akapata mgongo. Wa tatu alikuwa anacheka mno, akamwaga maji yote miguuni pake mwenyewe.

Koti likazimika likitoa moshi kama tanuri la mkaa. Mgongo wangu ulikuwa na malengelenge mawili tu, namshukuru Mungu. Lakini nilikuwa nimelowa chapachapa, shati limetoboka, na upepo wa asubuhi unavuma.

Nikasahau adabu. "Baba, hukuona moshi?"

"Niliuona," mzee akasema kwa utulivu.

"Uliuona!"

"Niliuona toka kule kilimani. Nikadhani ndivyo lilivyotengenezwa. Mnafanya kazi kwa wazungu, mna vitu vingi tusivyovijua." Akavuta kiko, akaongeza, "Nami nilikuwa napasha mikono."

Wanawake walikaa chini kwa kucheka. Mimi nilitaka kukasirika, lakini meno yalikuwa yanagongana, na mtu hawezi kukasirika vizuri akiwa anatetemeka. Mzee akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza nadhani. Akatoa kiko mdomoni, akakung'uta majivu yote chini, akayakanyaga mpaka akahakikisha. Kisha akafungua blanketi.

"Panda, mkwilima wangu," akasema, akiniita mkwe kwa lugha ya kwetu. "Hii aibu tutaimalizia nyumbani."

Nikapanda. Akakaa nyuma yangu, kifua chake kimegusa mgongo wangu, akatuzungushia blanketi wote wawili, akashika ncha zake mbele ya tumbo langu. Ndivyo tulivyoingia kambini kwetu mgodini, watu wakitoka kanisani, mkwe na baba mkwe ndani ya blanketi moja kama pacha. Mke wangu alisimama mlangoni na mtoto mkononi. Hatimaye akauliza, "Baba, mmefanyaje?"

"Mume wako aliungua," mzee akajibu. "Nipe mtoto."

Alikaa kwetu wiki tatu. Kila asubuhi tulikuwa tunatoa viti viwili uani, tukiota jua na kuzungumza, mambo ya ng'ombe, ya dagaa, ya ujana wake alipotembea kwa miguu mpaka Tabora. Mke wangu alilalamika kwamba hapati nafasi na baba yake. Siku ya kuondoka mzee alisema atangoja lori hata mwezi mzima. Lilikuja siku ya nne, akapanda mbele kwa dereva, nami nikampa mkono, na hakuna aliyetazama chini.