Simu Iliyotafuta Mizinga ya Kyule

Kyule wa Migwani alikuwa na mizinga mingi ya nyuki msituni kuliko mtu yeyote kule, na alijivunia jambo hilo bila haya. Miaka ya karibuni macho yake yakaanza kuingia ukungu. Akapotea porini, mtu aliyezaliwa humo humo, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Nthenya, binti yake, mtoto wake wa pekee, akamletea simu ya kugusa, ile inayosema njia kwa sauti. Wakakubaliana: ikimfikisha kwenye mizinga peke yake, ataendelea kurina asali, ikishindwa, mizinga iuzwe. Kyule aliogopa kuuza kuliko alivyoogopa nyuki.

Basi akaikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliigeuza huku na huku, akaikaripia ilipokawia kupata setilaiti chini ya migunga, akalalamika kwamba kioo hakisikii kidole chenye nta. Kisha akazunguka msitu mchana kutwa, akisimama chini ya kila mzinga na kuutia kwenye ramani ya simu.

Siku ya kurina nilimsindikiza, maana nilitaka kuona ikimpoteza. Haikumpoteza. Ilituvusha korongo, ikatupitisha vichakani, ikanyamaza chini ya mgunga mkubwa wenye mzinga. Kyule alitabasamu mpaka nikamwonea wivu. Akawasha moshi, akapanda.

Kwetu hakuna anayefungua mzinga kabla ya kupapasa alama ya ukoo iliyochongwa kwenye gogo, hata akiwa na hakika. Kula asali ya mwingine ni aibu inayofuata mpaka wajukuu. Kyule akapapasa. Akapapasa tena. Alama yao ni mistari miwili iliyopishana; vidole vyake vilikuwa vikizunguka duara. Ulikuwa mzinga wa jirani yake, Mwangangi.

Akashuka polepole. Nilimhurumia sana. Simu ilikuwa imetuleta pale pale alipoiambia. Ni yeye aliyesimama chini ya mzinga wa watu siku ile, akadhani ni wake.

Nthenya alipiga simu jioni, akauliza kama simu imeshindwa, atafute mnunuzi.

"Simu iko sawa," Kyule alimwambia. "Macho ndio imeisha."

Alama ya ukoo hurithishwa wanaume, nami nilidhani sasa atamtaja mtoto wa kiume wa nduguye. Akaisogeza simu mdomoni.

"Usiuze. Kuja Krismasi na suruali ya kupanda mti. Nikuonyeshe alama yetu."