Baba Pacha Amestaafu

Hakuna aliyemwonya Mama Pacha kwamba mume akistaafu, anastaafia kichwani kwako. Miaka yote ya ndoa yao Baba Pacha alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Nyumbani alikuwa kama mgeni: anakula, analala, anasifia chakula, anaondoka. Pacha wao walikua, wakaoa, wakahama. Mama Pacha akabaki chumba cha mbele na cherehani yake, wateja wake na redio ya sauti ya chini. Alikuwa na raha zake.

Basi mzee akarudi moja kwa moja, na redio akaichukua yeye. Asubuhi kipindi cha afya, mchana maisha ya nyumbani, jioni biashara ndogondogo. Kila ushauri alioupata huko ulikuwa na mgonjwa mmoja tu: mkewe.

"Mama Pacha, kunywa maji. Mama Pacha, umejipinda kama ndoano. Halafu mteja anapokelewa kwa tabasamu. Hivi wewe huwa unatabasamu?"

"Natabasamu, mdomo ukiwa hauna pini."

Wiki haikuisha, chumvi ikatoweka jikoni. Sukari ikafuata. Mafuta yakawa ya kupimwa kwa kijiko, mzee kasimamia sufuria kama wale askari wa barabarani waliokuwa wakimsimamisha yeye. Cherehani nayo akaihamisha kutoka dirishani, eti upepo unaleta maumivu ya mgongo, na Mama Pacha akawa anatunga uzi kwa kubahatisha. Mtu ametoka barabarani, alijiambia, breki zitashika taratibu.

Hazikushika. Siku moja alikuja mwokaji mikate wa mtaa wa nyuma, mama mwenye mwili wake na asiyeuonea haya, kujaribu gauni la harusi ya binti yake. Zipu ilipanda hadi kiunoni, ikagoma.

"Nitaachia kidogo pembeni," Mama Pacha alisema. "Kitambaa kipo."

Baba Pacha, kwenye kochi, akashusha miwani. "Au dada yangu apunguze mikate kidogo. Redioni wamesema unga mweupe ni adui."

Mwokaji aligeuka polepole, mgongo wazi. "Adui wa nani?"

"Wa... wa mwili, dada."

"Unga huohuo ndio ulionisomeshea watoto!"

Akavua gauni, akavaa nguo zake, akatoka bila kuaga. Mama Pacha alipogeuka kumtafuta mumewe, kochi lilikuwa tupu. Mzee ametorokea mlango wa nyuma kama paka aliyedokoa nyama.

"Leo ni leo!" Mama Pacha alisema, akamfuata na futi yake ya kupimia bado shingoni. Alimkuta kwenye kibanda cha viazi vya kukaanga nyuma ya kituo cha mafuta, anakung'uta kichupa cha chumvi kana kwamba kimemkosea.

"Mzee," muuzaji alikuwa akiuliza, "leo huchukui na mayai yako?"

"Baba Pacha."

Kiazi kikakwama kabla ya kufika mdomoni. "Mke wangu... chakula cha nyumbani siku hizi hakina ladha."

"Na nani aliyeifukuza hiyo ladha?"

Mzee akatazama sahani. "Daktari alisema nina presha. Nikaona peke yangu sitaweza. Nikasema tuache wote, labda..."

"Ukaniuguza na mimi! Bila hata kuniambia!"

"Sasa nikae nifanye nini mle ndani? Wewe una kazi yako. Mimi nina redio."

Hasira haikumwisha Mama Pacha, ila ilikosa pa kukaa. Akavuta kiti, akaivuta na sahani.

"Presha ni yako, na tutaiangalia pamoja. Chungu chako hakitatiwa chumvi, changu kitatiwa. Cherehani inarudi dirishani leo. Na nguo zilizokwisha utawapelekea wateja wewe, kwa miguu. Si redio yako inasema mtu atembee? Utaanzia kwa mwokaji. Kamwombe radhi."

Akaenda. Alasiri ikaingia, ikapita. Alirudi jua likizama, hoi kama mtu aliyesukuma lori.

"Amekusamehe?"

"Amenisamehe mlangoni palepale." Akajitupa kochini. "Kisha akanikalisha. Akanieleza namna ya kula, namna ya kupumua, namna ya kuishi na mke. Mama Pacha, yule mwanamke ana ushauri! Nasema 'sawa dada, sawa dada,' wala hakomi. Mtu huna hata pa kuchomeka neno!"

Mama Pacha alimtazama. Akalivuta gauni la mwokaji karibu.

"Kasema kesho atakuja kujaribu gauni tena?"

"Ndiyo. Saa nne."

Mzee akafikiri kidogo, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kochi. "Basi saa nne mimi nitakuwa natembea."