Siku Baba Alipokuja Bandarini

Ipo siku moja ambayo siachi kuikumbuka, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu jana umenipigia simu kutoka huko Dar es Salaam ukaniambia mwaka huu tena huji. Umesema kazi imewabana, meli zimeongezeka, na wewe siku hizi umekaa kwenye chumba cha kompyuta mnapanga kontena lipi likae wapi. Sikukubishia. Mimi shangazi yako nilifanya kazi bandari hiyo hiyo kabla wewe hujazaliwa, na sababu zako nazijua zote, maana nilizitoa mimi kwanza.

Wakati ule nilikuwa opareta wa kreni ya yadi. Ni ile ya magurudumu makubwa, inayosimama juu ya safu za makontena, inayanyanyua kutoka kwenye malori na kuyapanga. Binti wa kijiji cha Buswahili, kule Musoma, niliyekulia kwenye kuchunga mbuzi na kumenya mihogo, nimekaa juu kwenye kibanda cha vioo, madereva wote chini wananisubiri mimi. Niliipenda kazi ile, sitakuficha. Nilikuwa natembea mtaani na helmeti mkononi hata siku ambazo sikuwa na sababu ya kuibeba.

Lakini moyo wangu ulikuwa gatini, kwenye meli. Walikuwa wameleta kreni mpya, zile ndefu zinazoinama juu ya meli na kuchomoa kontena kutoka tumboni mwake. Maopareta wachache walichaguliwa wafundishwe, na mimi nikiwa mmoja wao, mwanamke peke yangu. Walimu walitoka nje ya nchi, walikuja mara moja tu, na mafunzo yalikuwa yaanze wiki hiyo hiyo ninayokuambia. Usiku nilikuwa siwezi kulala kwa furaha. Nilishajiona niko juu kule, bahari yote chini yangu.

Nyumbani sikuwa nimekanyaga kwa miaka. Usinielewe vibaya, sikuwasahau. Nilikuwa natuma vitu kwa basi mpaka makondakta wakanizoea: mablanketi, sukari, vitenge vya mama, redio, hadi mabati. Baba alikuwa anavifuata stendi ya Musoma. Mwenyewe nilikuwa nasubiri. Wewe unawajua watu wetu. Ukiingia kijijini, kuanzia kwa balozi wa nyumba kumi mpaka kwa mama mdogo, kila mtu anaangalia mkono wako. Nikasema nitarudi siku nitakayokuwa na cha kumpa kila mmoja, nisije nikaonekana mtu wa mjini asiye na kitu. Kila nilipokaribia, nikaona bado hakitoshi.

Basi siku hiyo asubuhi msimamizi wangu akaniita kwenye redio. Akaniambia getini kuna mzee, anamtaja binti yake kwa jina la kilugha, na walinzi wamehangaika kweli kujua ni nani, mpaka mmoja akakisia ni mimi. Nikachungulia. Kutoka kule juu geti lilionekana vizuri, na nikamwona baba amekalia furushi lake, amevaa koti la kanisani kwenye joto lile.

Sikuweza kushuka. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani na hapakuwa na wa kunipokea mpaka zamu iishe. Nikamwomba msimamizi amtume mtu ampelekee maji na chakula, akafanya hivyo. Nikaendelea kunyanyua na kushusha, nikigeuka kila mara kuangalia getini. Baba hakuondoka kivulini pale. Alikuwa anatazama malori tu, yakiingia na kutoka.

Niliposhuka nilikimbia. Nilikuta walinzi wameshakuwa marafiki zake na wananung'unika kwa utani juu ya furushi, kwa sababu ndani mlikuwa na unga wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, na samaki kamongo mkavu, na harufu ilikuwa imelishika geti zima. Nikapiga goti kumsalimia. Sasa, baba na mimi tulikuwa tunaongea kilugha siku zote. Siku hiyo akanijibu kwa Kiswahili, na nikajua nimekwisha, maana alitaka na wale walinzi wasikie.

Alikuwa ananiita mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Akasema, "Mama, nimekaa hapa tangu asubuhi naangalia hii kazi yenu. Masanduku yanaingia yamefungwa, yanatoka yamefungwa. Na wewe ndiyo unatutumiaga hivyo hivyo. Vitu vyako tunavipokeaga, asante. Wewe mwenyewe ndiyo hatujakupokea."

Mlinzi mmoja akajifanya anaangalia kufuli. Mimi sikuwa na pa kuangalia.

Nikampeleka nyumbani kwangu, nikampikia udaga wake, na alipokwisha kula ndipo akaniambia kilichomleta. Mama alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau alipoweka jembe, baadaye majina ya majirani. Wiki iliyotangulia alimwuliza baba yako, mtoto wake wa mwisho, kwamba yeye ni wa nani. Jina langu bado alikuwa analitaja, lakini baba hakujua ni mpaka lini.

Nikamweleza habari za kreni ya meli. Nilimweleza kwa kirefu, kama mtu anayejitetea mbele ya baraza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sikuamulii. Ila hiyo kreni kesho itakuwepo pale pale. Mama yako yeye anaondoka kidogo kidogo."

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Alikuwa mtu mwema na hakunidanganya. Likizo nitapata, alisema, ila nafasi ya mafunzo haitanisubiri, atachukua anayefuata. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu nikitamani anikatalie, ili lawama iwe yake. Hakunikatalia. Nikasaini, nikatoka, nikaenda nyuma ya karakana nikalia. Halafu tukapanda basi na baba, mimi nikiwa na begi la nguo tu.

Mama alikuwa jikoni tulipofika. Akanitazama, akanitazama tena, halafu akaniita kwa jina langu. Nilimshika, mwanangu, kabla hata ya shikamoo. Hakuniuliza nimeleta nini. Aliniuliza, "Siku hizi unakuwaga wapi?"

Nikamwambia niko bandarini. Akauliza nafanya nini huko. Nikamwelezea kwa vitu anavyovijua: kuna sanduku la chuma kubwa kuliko duka la pale njia panda, na mimi nalinyanyua peke yangu, nalipandisha juu ya jingine taratibu, hata ungekuwa umeweka maziwa ndani yasingemwagika. Mama akaacha mwiko kwenye sufuria. Akacheka mpaka akapiga mapaja, akamwita jirani aje asikie mambo ninayofanya. Nilijisikia mkubwa kweli.

Kesho yake asubuhi akaniuliza, "Siku hizi unakuwaga wapi?"

Iliniuma. Nilimjibu kwa kifupi nikatoka nje. Siku iliyofuata akauliza tena, na nyingine tena, mpaka nikaelewa kwamba hakuna nitakachobadilisha. Nikaanza kumjibu kama mara ya kwanza. Na yeye kila mara alishangaa vile vile, akacheka vile vile, akamwita jirani yule yule, ambaye Mungu ambariki, alikuja kila alipoitwa na kushangaa pamoja naye. Sijawahi tena kupata mtu wa kunionea fahari upya kila asubuhi.

Asubuhi moja akabadilisha swali. "Na meli? Meli nayo unaishushaga wewe?"

Siku hiyo wenzangu walikuwa juu ya zile kreni wanafundishwa. Nikamwambia, "Ndiyo, mama, naishusha mimi." Nikakaa kwenye kigoda, nikamwonyesha kwa mikono yangu jinsi mtu anavyokaa juu, anavyoinama kutazama chini ya miguu yake, anavyoteremsha kamba za chuma mpaka zikamate, anavyovuta sanduku kutoka tumboni mwa meli na kulileta nchi kavu. Mama alifuata kwa macho lile sanduku lisilokuwepo mpaka lilipotua kando ya mafiga. Halafu akashusha pumzi, akasema, "Umelifikisha salama."

Kreni ile sikuiendesha kamwe mahali pengine ila pale jikoni. Niliporudi kiti kilikuwa cha mtu mwingine, nami nikabaki yadi mpaka kustaafu. Na siwezi kukudanganya kwamba sikuitamani. Hata sasa, hapa Nyasura ninakoishi, malori ya makontena yakipita kwenda mpakani Sirari naachaga sufuria motoni natoka kuyaangalia, na watoto wa jirani wananicheka. Naitamani bado.

Kwa hiyo sikuambii kwamba ukija hutapoteza kitu. Wanaosema hivyo hawajawahi kuacha kitu wanachokipenda. Huenda ukakuta meza yako amekaa mwenzako. Ninachokuambia ni kwamba baba yako, yule mdogo wangu, ukishakata simu ya picha anabaki ameishika mkononi, kioo kimeshazima. Fedha zako zinamfikia, na dawa ananunua. Lakini jana baada ya kuongea na wewe aliniuliza kama umenenepa au ni simu tu, akasema kwenye kioo hawezi kujua.

Njoo, mwanangu. Usisubiri mikono ijae. Kaa jikoni, ulizwe maswali ya kijinga, uyajibu bila haraka. Simulia kazi yako mbele ya watu waliokulea, hata wasipoielewa. Na hao wa kuangalia mikono, niachie mimi, nitawapa sukari yangu.

Mungu akulinde kwenye kazi hiyo na kwenye barabara hii ndefu. Akupe bosi asiyekudanganya na mwenzako wa kukupokea zamu. Na siku utakayoingia uani, baba yako awe ameketi pale nje, akuone kwa macho yake, akuite kwa jina lako.